Mikumi, Udzungwa au Saadani: ulinganisho kwa shule inayopanga ziara ya mafunzo hifadhini

Kila mwaka shule nyingi za sekondari za Dar es Salaam, Pwani na Morogoro hufika kwenye swali lilelile: wanafunzi wapelekwe hifadhi ipi ya taifa? Katika vikao vya walimu nilivyowahi kukaa, swali hili hujibiwa kwa kutazama mambo mawili tu, nayo ni nauli ya basi na uwezekano wa kumwona simba. Nauli ina uzito wake, wala simlaumu mwanafunzi anayetamani kumwona simba kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hata hivyo, hifadhi tatu zilizo karibu na mikoa hii zinafundisha mambo tofauti, tena kwa njia tofauti: Mikumi humfundisha mwanafunzi akiwa ameketi garini, Udzungwa humfundisha akipanda mlima kwa miguu yake, na Saadani humsimamisha mahali ambapo pori, bahari na kijiji vinakutana. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu, mkuu wa shule au kamati ya wazazi waliokwama kati ya hizo tatu.

Vigezo

Vigezo nilivyotumia ni vitano, na nimevipanga kwa uzito ninaovipa. Kwanza ni somo: hifadhi inabeba mada zipi za Biolojia, Jiografia na Historia ambazo darasani hubaki kuwa maneno ya kukariri? Pili ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe: akiwa huko atahesabu, atapima na kuchora, au atasikiliza na kupiga picha tu? Tatu ni njia, malazi na msimu. Nne ni fedha, hasa zile ambazo hazionekani katika bajeti ya kwanza. Tano ni usalama, pamoja na haki ya kila mwanafunzi kushiriki.

Mafunzo yanayotolewa na wahifadhi sikuyafanya kigezo, kwa kuwa hifadhi zote tatu zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), lililoanzishwa mwaka 1959, na kwa zote shule inaweza kuomba kwa barua ipangiwe afisa wa kuzungumza na wanafunzi kabla ya matembezi. Ubora wa mazungumzo hayo hutegemea sana barua yenyewe. Barua inayosema tu kwamba shule inaomba kutembelea hifadhi hujibiwa kwa maelezo ya jumla, ambayo mwanafunzi angeweza kuyasoma kwenye kipeperushi. Barua inayotaja kidato, idadi ya wanafunzi, mada wanayosoma na maswali matatu wanayotaka kuyachunguza humpa afisa nafasi ya kujiandaa, nanyi mtaiona tofauti hiyo ndani ya dakika kumi za kwanza.

Somo

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mgeni huijua zaidi kwa uwanda wa Mkata, mbuga ya nyasi ambayo hufurika wakati wa mvua na ambayo imezungukwa na misitu ya miombo. Hapa mada ya mtandao wa chakula haihitaji mchoro: nyasi zipo, walaji wa nyasi kama pundamilia, nyumbu na nyati wapo, twiga yupo kwenye miti, na mwanafunzi mwenye bahati atamwona simba, au atawaona tai wakizunguka juu ya kilichobaki. Somo la Mikumi ninalolithamini zaidi, lakini, ni la barabara. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inaipasua hifadhi kwa takriban kilomita 50, ikiwa na matuta, kikomo cha mwendo, na mabango yanayotaja faini ya kumgonga mnyama wa kila aina. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa kwa nini faini ya twiga inaizidi kwa mbali ile ya ngiri, na kwa nini barabara haikuzungushwa nje ya hifadhi, anaingia katika mjadala wa thamani ya mnyamapori na gharama ya usafirishaji ambao vitabu vingi hupita juu yake kwa aya moja.

Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, haina barabara za kutazamia wanyama kwa gari. Ni hifadhi ya kutembea. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia hapa. Milima hii imebaki na misitu yenye unyevu kwa muda mrefu mno huku nyika kavu zikiitenga mmoja na mwingine, na ndiyo maana ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Kwa mwalimu wa Biolojia anayehangaika kueleza jinsi utengano wa kijiografia unavyozaa spishi mpya, sijui mahali pazuri zaidi pa kusimama na darasa. Yupo mbega mwekundu wa Udzungwa. Yupo kwale wa Udzungwa, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1991. Yupo pia mangabe wa Sanje, nyani wa msituni aliyeingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1979, ingawa wenyeji walimfahamu tangu zamani na kumwita n'golaga. Kisa hiki huwa nakirudia kwa wanafunzi wangu, kwa sababu wengi wao wanatoka vijijini na hawajawahi kuambiwa kwamba maarifa ya babu zao ni sehemu ya maarifa ya dunia.

Kuna na somo la maji. Mito inayoshuka kutoka Udzungwa huingia Kilombero na Ruaha Mkuu, na kutoka hapo Rufiji, kwa hiyo msitu huu umeunganishwa na taa za madarasa yetu kupitia mitambo ya umeme ya Kidatu, Kihansi na bwawa la Julius Nyerere. Chura wa Kihansi ni mfano ambao kila darasa la Jiografia lingepaswa kuujua kabla ya safari, ingawa korongo lake liko nje ya mipaka ya hifadhi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye mvuke wa maporomoko, maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, naye akapungua hadi akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Vizazi vya vyura waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani mwaka 2000 vilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Karibu zaidi na lango la Mang'ula kuna shoroba ya tembo inayounganisha Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, pamoja na kivuko kilichojengwa chini ya barabara ili tembo wapite. Mwanafunzi aliyetoka kuiona barabara ya Mikumi akioneshwa kivuko hicho ana majibu mawili ya tatizo moja mbele yake, na kazi ya kuyalinganisha ni yake.

Saadani ilitangazwa mwaka 2005, ina takriban kilomita za mraba 1,100, na ndiyo hifadhi ya Tanzania Bara ambamo tembo, twiga, kongoni na kuro wanaishi hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Mto Wami unaingia baharini hapa, ukiwa na viboko, mamba na mikoko. Kasa wa kijani hutaga mayai katika ufukwe wa Madete. Kwa mada za mlango wa mto, chumvi, mikoko na mmomonyoko wa pwani, hifadhi nyingine mbili hazina cha kutoa. Aidha, Saadani ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo mwalimu wa Historia ataidai kwa haki. Kijiji cha Saadani kilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na kiongozi wake, Bwana Heri, alipigana na Wajerumani katika vita vilevile vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri kuanzia mwaka 1888. Shule inayopitia Bagamoyo inaweza kusimama Kaole na kuona magofu ya msikiti wa karne ya 13, na hivyo siku mbili zikabeba masomo matatu.

Kazi ya mwanafunzi mwenyewe

Katika kigezo hiki tofauti ni kubwa, na ndipo wengi hukosea. Mikumi wanafunzi hukaa garini, na hushuka mahali palipoidhinishwa tu, kwa mfano kwenye bwawa la viboko. Basi lenye wanafunzi arobaini lina tatizo la wazi: mnyama akiwa kushoto, walioketi kulia huona migongo ya wenzao. Kazi inayofaa hapa ni ya kuhesabu. Kila kundi la wanafunzi wanne lipewe upande wake na jedwali la kujaza spishi, idadi, umbali kutoka barabarani na uoto uliokuwapo, kisha jioni takwimu ziunganishwe na kuchorwa grafu. Bila jedwali hilo ziara ya Mikumi hugeuka matembezi ya kupiga picha, na nimeona darasa zima likirudi na picha mia tatu bila hata sentensi moja daftarini.

Udzungwa inamlazimisha mwanafunzi kufanya kazi kwa sababu mwili wake tayari unafanya kazi. Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, ambayo huanguka jumla ya mita 170 kwa hatua tatu, huchukua saa kadhaa kwenda na kurudi; njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na ofisi za hifadhi, inafaa kundi lenye muda mchache. Kwa kipimajoto cha bei nafuu na kamba ya mita kumi, wanafunzi wanaweza kupima jinsi joto linavyopungua kadiri wanavyopanda, na kuhesabu aina za miche ndani ya mraba waliouzungushia kamba. Sharti moja lisisitizwe kabla hawajaondoka shuleni: hakuna kuchuma jani, kuokota mbegu wala kubeba jiwe. Kila sampuli ibaki ilipo na mchoro wake urudi nyumbani. Udhaifu wa msitu ni kwamba unadai subira. Wanyama husikika kabla ya kuonekana, na pengine wasionekane kabisa. Mwanafunzi aliyeahidiwa tembo atarudi amenung'unika, na kosa litakuwa la aliyeahidi.

Saadani iko katikati. Kuna matembezi ya gari, safari ya boti mtoni na nafasi ya kutembea ufukweni mkiwa na askari wa uhifadhi. Kazi ya thamani kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kijijini: kuwauliza wavuvi na wazee jinsi maisha yalivyo kando ya hifadhi, nini kimeruhusiwa, nini kimekatazwa, na tembo wanaofika mashambani hushughulikiwaje. Kazi hii hufanyika kwa idhini ya serikali ya kijiji, kwa maswali yaliyoandaliwa darasani na kwa adabu. Mzee husalimiwa na kusikilizwa hadi amalize, hata kama kundi jingine linasubiri.

Njia, malazi na msimu

Kwa njia, Mikumi inaongoza. Iko kando ya barabara kuu ya lami, takriban kilomita 283 kutoka Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi inafika Morogoro, kwa hiyo shule ya Dar inaweza kukodi basi kuanzia Morogoro tu. Shule za Morogoro zinaweza kwenda na kurudi siku moja. Mji wa Mikumi una nyumba za wageni za bei mbalimbali. Udzungwa inafikiwa kwa kuacha barabara kuu hapo Mikumi na kushuka kusini kupitia Kidatu hadi Mang'ula. Kwa shule ya Dar es Salaam haifai kujaribiwa kwa chini ya usiku mmoja, na siku mbili kamili ndizo zinazolipa. Saadani iko karibu na Bagamoyo kwenye ramani kuliko ilivyo barabarani. Udongo wake mweusi hushika magurudumu mvua ikinyesha, na basi dogo linaloingia bila shida mwezi Agosti linaweza kulala njiani mwezi Aprili.

Msimu unaamuliwa na mambo mawili, mvua na mitihani. Masika huanza Machi hadi Mei, na Mei hiyohiyo kidato cha sita wako kwenye mtihani wa taifa. Novemba ni zamu ya kidato cha pili na cha nne. Kinachobaki chenye ukavu na utulivu ni Julai hadi Septemba, kipindi kinachowafaa kidato cha tatu, na pia kidato cha tano wanaoanza masomo mwezi Julai wakiwa bado hawafahamiani.

Fedha

Viingilio hubadilika mara kwa mara, na kwa hiyo ni vyema kuomba ankara mpya kutoka hifadhini badala ya kutumia ya mwaka jana. Jambo linalowashangaza walimu wengi ni umri: katika viwango vya kawaida mtoto ni wa miaka 5 hadi 15, na aliyetimiza 16 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Darasa la kidato cha tano, basi, linaweza kuangukia kiwango cha watu wazima endapo shule haikuomba mapema kutambuliwa kuwa kundi la wanafunzi. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu, wala si kwa fedha taslimu mkononi langoni. Hilo likamilishwe kabla basi halijawashwa.

Gharama kubwa ya Mikumi ni usafiri tu. Udzungwa huongeza ada ya waongozaji na askari kwa kila kundi la watembeaji, malazi, na viatu. Wapo wanafunzi wenye ndala na viatu vya shule vilivyochakaa soli, na ni heri fedha za fulana za ziara zinunue raba. Saadani huongeza boti, na pengine magari ya kupokezana ikiwa basi haliwezi kuendelea.

Usalama na haki ya kushiriki

Mikumi ina hatari chache kwa anayetii: asishuke, asitoe mkono dirishani, asilishe nyani. Mbung'o huuma, na mavazi ya rangi ya bluu na nyeusi huwavuta. Kwa mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, Mikumi ndiyo inayomruhusu kuona yote wanayoona wenzake.

Udzungwa ina utelezi, miinuko na joto la bondeni. Mwanafunzi mwenye selimundu au pumu asipelekwe kwenye njia ndefu bila ushauri wa daktari wake, na asiachwe nyumbani pia. Njia fupi ya Prince Bernhard na kazi ya shoroba ya tembo zipangwe ziwe na uzito sawa na kupanda Sanje, ili asiwe mlinzi wa mabegi. Saadani hatari yake ni maji. Jaketi okozi kwa kila aliyepanda boti ni sharti, na kuoga baharini nisingekuruhusu hata kidogo, kwa kuwa mwalimu mmoja hawezi kuwahesabu vijana thelathini ndani ya mawimbi. Kwa ziara yoyote ya kulala, matroni awepo, taulo za kike ziwepo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na vyandarua vihakikiwe kabla ya kulipia vyumba.

Kwa hali ya shule yako

Shule yenye siku moja tu na wanafunzi wengi ambao hawajawahi kuingia hifadhini iende Mikumi, iwagawe kwa magari mawili madogo ikiwezekana badala ya basi moja kubwa, na isiondoke bila majedwali. Hali kadhalika shule yenye wanafunzi wenye ulemavu wa viungo.

Wanafunzi wachache wa tahasusi za sayansi, tuseme ishirini na tano au pungufu, wenye mwalimu aliye tayari kutembea nao, watafaidi zaidi Udzungwa. Shule ikipata usiku mbili, Mikumi na Udzungwa ziko kwenye mwelekeo mmoja na zinaweza kuunganishwa: siku ya kwanza uwanda na barabara, siku ya pili msitu na kivuko cha tembo. Huo ndio mpango ninaoupenda binafsi, ingawa ni wa ghali kuliko zote.

Shule yenye walimu wa Historia na Jiografia wanaokubali kuandaa kazi moja kwa pamoja, na yenye tarehe zake kati ya Julai na Septemba, ipeleke wanafunzi Saadani kupitia Bagamoyo. Ikiwa nafasi pekee iliyopo ni Aprili, Saadani iahirishwe.

Zipo shule ambazo hata nauli ya Mikumi ni ndoto, hasa shule za kata zilizo mbali. Hizo zisisubiri basi. Klabu za Malihai zimekuwa shuleni kwa miongo kadhaa, na Roots & Shoots ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 wa sekondari; zote mbili ni za uhifadhi, na hufanya kazi na vijana mahali walipo. Kwa shule iliyo jirani na hifadhi, idara ya ujirani mwema inaweza kuombwa imlete mhifadhi darasani. Kwa shule iliyo mbali, mraba wa kamba ya mita kumi kwenye kichaka nyuma ya bweni hutoa takwimu halisi za spishi, na mwaka nauli itakapopatikana wanafunzi hao watafika Mang'ula wakiwa na kitu cha kulinganisha.